Niliyekujibia Ubatizoni

Kitangiri, Mwanza
Jumapili, 1 Februari 2026

Mwanangu mpenzi Sabina,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini umeitikia. U mzima? Kifua kimepona, au bado unakohoa kwa vumbi la hayo makaratasi yako? Mimi ni mzima kwa neema ya Mungu. Magoti tu ndiyo yanalalamika nikipanda mawe ya hapa kwetu, ila nayo nayashukuru maana yananifikisha misa ya kwanza. Asante kwa dawa ya kuchua uliyotuma. Inanuka kama kitu cha kuua wadudu lakini inasaidia.

Barua hii anakuletea Nasma, anakwenda Kariakoo kuchukua mzigo wa vitenge. Ameniuliza tena, "Mama Tereza, si umpigie tu mtoto simu?" Nikamwambia simu ni ya kuulizana mmekula nini. Nikiisikia sauti yako nafurahi mpaka nasahau nilichotaka kusema, halafu salio linakwisha. Kwenye karatasi nasema yote, na hakuna wa kunikatisha.

Huku ni kwema. Jua la wiki hii limekuwa jema, dagaa wanakauka vizuri, na pale sokoni Mwaloni nauza bila kubembeleza sana. Ijumaa jumuiya ilisali kwangu. Nikaomba tuiweke kazi yako kwenye maombi, nikasema Sabina anamaliza udaktari wake wa falsafa na anatafuta chuo cha kufundisha. Mzee Chenge akainua mkono. "Falsafa si wanasoma mafrateri wakienda kuwa mapadre? Huyu wako wa kike akimaliza atapewa parokia gani?" Watu wakacheka mpaka rozari ya Hellen ikaanguka. Nikamjibu, "Atapewa hii hii yako, akufundishe kunyamaza wenzako wanaposali."

Lakini baadaye wakasema kweli, Mama Tereza, hatuwezi kuombea kitu tusichokijua. Basi niandikie kwa Kiswahili chetu, unajiandaa namna gani, na hilo somo utakalowafundisha wakubwa siku ya usaili linahusu nini. Mimi niliishia darasa la saba, lakini ukinieleza pole pole nafika.

Mungu akulinde. Usilale na njaa.

Mama yako wa ubatizo,
Tereza


Dar es Salaam
12 Februari 2026

Mayu wangu,

Shikamoo. Milele amina, nimeitikia kwa sauti mpaka mwenzangu wa chumbani akauliza naongea na nani, nikamwambia na Mayu, ndiyo mama kwa Kisukuma. Nasma amenifikia na barua na dagaa. Dagaa wamekwisha, barua bado naisoma. Mwambie Mzee Chenge parokia naikubali, aanze kuandaa sadaka.

Umeuliza najiandaa namna gani. Kuna chuo hapo Mwanza kimetangaza nafasi ya mhadhiri wa falsafa. Nafasi moja tu, na nasikia walioomba ni wengi, wengine wana vitabu tayari. Wanataka wasifu, sura moja ya tasnifu, barua za maprofesa watatu wanaonifahamu, na ukurasa mmoja wa kueleza ninavyofundisha. Huo ukurasa nimeuandika na kuufuta mpaka sijui tena kama niliwahi kumfundisha mtu yeyote. Watakaochaguliwa wataitwa kutoa mhadhara wa majaribio mbele ya jopo.

Kila Alhamisi Profesa Jumbe, anayeniongoza, ananisimamisha mbele ya wanafunzi wenzangu nijaribu. Wiki iliyopita aliniambia, "Sabina, unasema 'labda' kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani asiyemzoea." Na Nurudin, mwenzangu wa darasa, amejipa kazi ya kuwa msaili mbaya. Anakunja uso, anauliza, "Dada, hiyo falsafa yako itamsaidia nini mkulima wa pamba wa Kwimba?" Mara ya kwanza nilijifanya natafuta kalamu. Mara ya pili nilimwambia mkulima wa pamba ndiye anayejua kuliko sisi sote maana ya kuahidiwa. Akasema hilo sawa, endelea.

Ndiyo, mhadhara wangu unahusu ahadi. Kwa kifupi nasema hivi: mtu akitoa ahadi kwa niaba yako wakati wewe huwezi kusema, ahadi hiyo haikufungi. Hata kama alikupenda, hata kama alikutakia mema, kinywa chake si kinywa chako. Mtemi aliyeweka dole gumba kwenye mkataba wa wageni hakuwafunga wajukuu ambao hawajazaliwa. Wazee waliokubaliana juu ya ndoa ya binti aliye mgongoni hawakumfunga binti. Kuna sehemu ya pili, inayomhusu yule aliyeahidi, lakini hiyo bado inanisumbua. Ikikaa sawa nitakuandikia.

Wasomee wanajumuiya. Waombe nisiseme "labda."

Wako akupendaye,
Sabina


Kitangiri, Mwanza
2 Machi 2026

Sabina,

Tumsifu Yesu Kristo.

Nimekaa na barua yako tangu kabla ya Jumatano ya Majivu. Nasma amepita akienda Dar, sikumpa kitu. Leo nimempa.

Ulisema niwasomee wanajumuiya. Mimi miwani yangu imepinda, nikampa Katekista Yakobo asome. Akaisoma mpaka pale unaposema aliyekujibia ukiwa huwezi kusema hakukufunga. Akarudia. Akavua miwani. Akasema, "Mama Tereza, haya ndiyo wanayosema ndugu zetu walokole pale ufukweni kabla hawajamzamisha mtu. Kwamba ubatizo wa utotoni si kitu kwa sababu walijibu wengine." Hellen akaniuliza kwa sauti ndogo kama karibu na hosteli yako kuna kanisa lenye ngoma.

Mimi siwatukani walokole. Jirani yangu ni mlokole na ni mtu mwema, aliniuguza. Lakini nakuuliza wewe, na naomba unijibu ndiyo au hapana, usiniletee mtemi wala dole gumba.

Umebatizwa tena?

Siku ile mimi ndiye niliyekupakata. Ulikuwa umelala, hata maji hayakukuamsha vizuri, ulikunja tu uso. Padre aliuliza, mimi nikajibu. Sasa unataka kusimama mbele ya watu wenye elimu useme lile jibu langu halikuwa kitu. Kama ndivyo, niambie mimi kwanza, nisisikie kwa wengine.

Sijasema nimekasirika. Nakula, nasali, nafanya kazi. Ila siku hizi nikifika mahali pako kwenye rozari, pale ninapokutaja, napita haraka.

Tereza


Dar es Salaam
9 Machi 2026

Mayu wangu mpenzi,

Shikamoo.

Hapana. Hapana kabisa. Maji pekee niliyoingia mwaka huu ni ya mvua ya Ubungo, na niliyaingia na viatu.

Nilipofika pale pa kanisa lenye ngoma nilicheka. Halafu nikafika pale ulipoweka jina lako peke yake chini, "Tereza", bila mama, na kicheko kikaisha. Nimeisoma barua hiyo nimekaa kwenye ngazi za maktaba, watu wananiruka. Nurudin alipoona nalia akadhani chuo kimeninyima, akaninunulia soda.

Kosa ni langu. Nilikuletea nusu ya jambo, na ile nusu iliyobaki ndiyo yako. Wala sikuwaza ubatizo hata kidogo, Mayu. Sakramenti ni kazi ya Mungu, mhadhara wangu haufiki huko. Mimi naongelea watu na watu. Lakini umeniuliza, basi nitakujibu kwa hao hao watu: mimi na wewe.

Siku ile Padre alikuuliza maswali, nami nilikuwa nimelala. Mojawapo nimelitafuta nikalisoma. Aliuliza wasimamizi kama wako tayari kuwasaidia wazazi wa mtoto. Ukasema uko tayari. Mimi sikusema kitu, kwa hiyo mimi sikufungwa. Wewe ulifungwa. Mama yangu Wilhelmina alipofariki kule Sengerema, nikiwa darasa la nne, na baba alikuwa ameshakwenda Geita kwenye dhahabu na hasikiki, ndugu walikaa kikao wakigawana vitu. Wewe ulivuka na kivuko cha Kamanga ukiwa bado unanuka dagaa, ukasimama mlangoni ukasema, "Nimemfuata wangu." Hakuna aliyekuita. Hakuna ambaye angekulaumu usingekuja.

Hiyo ndiyo sehemu ya pili. Ahadi inayotolewa kwa ajili ya asiyeweza kusema inamfunga aliyeitoa, haimfungi mwingine. Na yule aliyeahidiwa, akikua akaona jinsi mwenzake alivyoitimiza, habaki na deni. Anabaki na shukrani. Deni mtu analipa, mkaachana. Shukrani hailipwi ikaisha. Haya ndiyo nimekuwa nikihangaika kuyasema kwa lugha ya vitabu mwaka mzima.

Lakini kama mhadhara huu unakuumiza, nitauacha. Nina sura nyingine kuhusu kanuni za mantiki, haina mtu ndani yake, haiwezi kumkosea mtu. Wameniita kwenye usaili, Mayu, wiki ya nne ya Aprili, huko huko Mwanza. Sema neno moja tu nitabadilisha.

Tafadhali usipite haraka pale pangu kwenye rozari.

Mwanao,
Sabina


Kitangiri, Mwanza
8 Aprili 2026

Mwanangu mpenzi Sabina,

Kristo amefufuka! U mzima, mama? Umekula sikukuu? Mimi ni mzima, na leo nakuandikia nimekaa nje juu ya jiwe, jua la asubuhi liko mgongoni na ziwa limetulia kama mtu aliyeshiba.

Barua yako ilinifikia mapema, nisamehe nimekawia. Niliisoma nikafurahi kwamba hukubatizwa tena. Furaha hiyo ilikuwa kubwa, siku hiyo nilimpa kila mteja nyongeza. Lakini lile lingine, la kwamba hukufungwa, lilikuwa limenikaa kooni. Nikasema ngoja, nisimwandikie mtoto na kitu kimenikaa kooni.

Basi Jumapili ya Pasaka nikaenda misa. Kanisa limejaa, mimi nimebanwa kati ya Hellen na mjukuu wa Mzee Chenge, yule Precious aliyeng'oka meno ya mbele. Padre akafika pale tunaporudia ahadi za ubatizo. Nimezirudia miaka yote hii, mwanangu, lakini nadhani nilikuwa nazirudia huku nawaza wali nyumbani. Padre anauliza, mnamkataa shetani? Precious hakungoja swali liishe. Akapiga kelele, "NDIYO!" mpaka wanakwaya wakageuka. Babu yake akamfinya. Yeye akasema, "Si ameniuliza mimi?"

Nikacheka, halafu nikasimama pale pale nimeduwaa. Maana ni kweli amemuuliza yeye. Precious alijibiwa na mtu akiwa mchanga kama wewe, na bado Kanisa linarudi kila mwaka kumuuliza, wewe mwenyewe unasemaje? Kama jibu la yule wa kwanza lingetosha, wangeuliza tena kwa nini? Nikaona basi Sabina hajasema kitu cha ajabu. Na mimi sijapungukiwa. Nilichojibu nilijibu, na nilikifanya, na Mungu alikiona.

Nikamweleza Katekista Yakobo baada ya misa. Akasema, "Nilimsoma haraka." Kisha akaniletea kuku. Mtu mzima akiomba radhi kwa kuku, unapokea. Tumemla.

Sasa sikiliza. Mhadhara usiubadilishe. Hizo kanuni zako zisizo na mtu ndani waachie wengine. Ukienda kusimama mbele ya wale wakubwa na maneno uliyoyachagua ili mimi nisinune, watakuona huyapendi, na kazi utaikosa kwa ajili yangu. Hapo ndipo nitakaponuna kweli. Sema ulichokipata. Mimi nitakuwa kanisani saa hizo, na safari hii nimewaambia jumuiya tunaomba nini.

Chumba chako nimekipaka chokaa. Magunia ya dagaa yaliyokuwa humo nimeyahamishia kwa Nasma. Kama ukipata kazi hiyo, na Mungu akipenda utaipata, utaanzia hapa nyumbani mpaka utakapojipanga.

Sali, na ulale mapema.

Mama yako,
Tereza


Dar es Salaam
17 Mei 2026

Mayu wangu,

Shikamoo. Nilirudi salama. Njia nzima kwenye basi nilikaa na mama mmoja aliyenisimulia magonjwa ya mifugo yake, nikashuka ninajua mambo ya ng'ombe kuliko falsafa.

Asante kwa zile siku nilizokaa kwako. Nilipoingia kile chumba, nikaona chokaa, na shuka jipya, na ile picha ya Bikira Maria umeihamisha kutoka kwako ukaiweka kwangu, nilikuwa na jambo la kukuambia nikashindwa. Halafu akina mama Wakatoliki wa WAWATA wakajaa sebuleni wakiimba, nikashindwa zaidi. Sasa nakuandikia kama wewe unavyofanya, mahali ambapo hakuna wa kunikatisha.

Kwanza usaili. Nilikuambia ulikwenda vizuri, na ni kweli, ila sikukusimulia yote. Mhadhara niliutoa wote, sehemu ya kwanza na ya pili. Sikusema "labda" hata mara moja. Profesa mmoja mzee alifumba macho muda wote, nikadhani amelala, mwishoni akafumbua akasema, "Endelea kidogo." Lakini wengine hawakuuliza kuhusu ahadi. Waliuliza kama naweza kufundisha stadi za mawasiliano kwa mwaka wa kwanza, ukumbi mzima, na kipaza sauti ni kimoja. Nikasema naweza. Mmoja akauliza kama naimba, chuo kina kwaya.

Majibu yametoka. Ile nafasi ya kudumu amepewa mtu mwenye vitabu viwili. Nimeliona jina lake, ni mwalimu mzuri, sina kinyongo. Mimi wamenipa mkataba wa mwaka mmoja, kufundisha wanafunzi wa uuguzi namna ya kufikiri na kupima hoja. Wakipenda wataongeza.

Na sasa lile jambo. Mwezi wa kwanza, kabla hata hujaniandikia, niliomba pia nafasi chuo kimoja Afrika Kusini. Profesa Jumbe ndiye aliyenihimiza. Ni miaka miwili ya kuandika tu, niigeuze tasnifu iwe kitabu. Sikukuambia kwa sababu niliamini sitapata, nikaona nisikutie hofu bure. Nimepata. Barua zote mbili zimekuja wiki moja.

Profesa anasema nenda, ukirudi na kitabu hakuna atakayekupa mwaka mmoja mmoja. Nurudin anasema nenda, ila anasema akiangalia pembeni. Mimi moyo wangu unakwenda na kurudi. Nikiwaza Mwanza nawaza wewe unayepanda mawe na magoti hayo. Nikiwaza kule nawaza kitabu, na najua nafasi kama hii haiji tena kirahisi.

Mayu, wewe ndiye uliyenifikisha hapa. Niambie nije au niende. Ukisema njoo, nitakuja, na sitanung'unika. Wanataka jibu kabla mwezi huu haujaisha.

Mwanao,
Sabina


Kitangiri, Mwanza
Jumapili ya Pentekoste, 24 Mei 2026

Mwanangu mpenzi Sabina,

Tumsifu Yesu Kristo. U mzima? Umepunguza mawazo, au hata chakula hakipiti? Mimi ni mzima. Nasma anaondoka leo na basi la mchana, amekaa hapa anakunywa chai na ananihimiza, basi maandishi yakipinda ni yeye.

Kwanza namshukuru Mungu kwa mlango ule, halafu namshukuru kwa mlango huu. Wapo waliosoma na hawajafunguliwa hata mmoja. Yule mwenye vitabu viwili naye nimemwombea, awe na siku njema kazini.

Sitakuficha. Niliposoma Afrika Kusini niliikunja barua nikaenda kukaa kwenye kile chumba chenye chokaa. Nikalia kidogo. Si kwa kunificha, hilo naelewa, hata mimi ningeficha. Nililia kwa sababu nakutaka hapa. Nataka nikusikie ukigombana na redio asubuhi. Nataka nikukute umelala na kitabu usoni nikuvue miwani. Hilo ulijue, nisije nikajifanya mtakatifu.

Nikauliza wenzangu. Mzee Chenge akasema, "Mwambie arudi, wewe ndiye mama, una haki." Hellen akasema aende, dunia ni ya kutembea. Katekista Yakobo safari hii aliisoma barua yote mpaka mwisho, polepole, akasema yeye hasemi kitu, ameshakula hasara ya kuku. Na Nasma anasema, niandike hivi hivi, "Mimi Kariakoo nafika. Huko kwingine sifiki. Mtatafuta posta."

Kwa hiyo ninalo neno mdomoni, na unalijua. Umeniambia nikilisema utatii. Ndiyo maana sitalisema.

Siku ile nilikujibia kwa sababu ulikuwa huwezi kusema. Ulikuwa umelala, mdomo uko wazi, huna hata jino. Sasa una kinywa, na nimekaa na barua zako, najua kinajua kusema. Nikijibu tena mahali pako nitakuwa nimekurudisha kwenye kanga. Ukienda kwa sababu mimi nimesema nenda, utakapopata taabu huko utakuwa na wa kumlaumu. Ukija kwa sababu nimesema njoo, mimi nitakuwa nakuangalia kila asubuhi nikijiuliza kama umekuja au nimekuleta.

Ulisema mtu habaki na deni, anabaki na shukrani. Sasa nami nina langu la kusema juu ya hiyo sehemu ya pili. Mimi niliposema niko tayari, nilidhani najitwisha mzigo. Nilikuwa mwanamke mwenye nyumba kimya. Nikavuka Kamanga nikarudi na mtoto mwenye maswali, akaniuliza njia nzima ziwa linakwenda wapi likijaa. Tangu siku hiyo sijawahi kukaa jioni bila mtu wa kumngoja. Kwa hiyo ukipima, usiweke magoti yangu kwenye mizani. Magoti yana dawa. Na ukija, njoo. Ukienda, nenda. Sitapita haraka pale pako kwa lolote kati ya hayo.

Jibu wewe mwenyewe, mwanangu, waandikie wale wakubwa, na jibu lolote utakalowapa mimi niko tayari.

Ila uniandikie upesi, tafadhali. Usingoje Nasma arudi, tumia hata posta. Nangoja.

Mama yako,
Tereza